Banda Kavu la Eivind

Pale bustani za Lihaug, juu kidogo ya Bergen, vijia viwili vya changarawe vinapokutana kando ya bomba la maji, kuna benchi moja chini ya paa dogo la bati, na benchi hilo lina wenyewe. Kuna Torleiv, mstaafu wa duka la mbao, ambaye hatoki nyumbani bila pimamaji ya kupimia usawa mfukoni mwa koti, na kwa hiyo anaitwa Pimamaji. Kuna mama Borghild, aliyepanga barua posta miaka thelathini na moja na bado anajua habari za kila bahasha. Huyo ni Redio. Na kuna Sverre, dereva wa basi mstaafu, wanayemwita Breki kwa sababu hata akisimulia stori husimama kila kituo. Kila mmoja ana kipande chake cha bustani na banda lake la mbao, na kila siku saa tano asubuhi, mvua ikinyesha au ikipumzika, wanakutana hapo kwa kahawa ya Redio. Jumanne hiyo ya Oktoba ilikuwa inanyesha, ile mvua ya kushuka wima bila haraka kama mtu anayelipwa kwa siku, na Sverre alifika amenuna.

— Umelala vibaya? aliuliza Redio akimmiminia.

— Nimelala vizuri. Nimeamka vibaya.

— Banda?

— Banda. Nimechokoa ubao wa chini kwa ufunguo, ufunguo ukazama kama kwenye keki.

— Huo ubao wa ngapi mwaka huu? aliuliza Pimamaji.

— Wa tatu.

— Na rangi ulipaka?

— Mwezi wa tano. Mara mbili. Na juu yake lami.

— Sasa mbona kwa Eivind...

Redio alimpiga Pimamaji kiwiko, lakini jina lilishatoka.

Eivind Haukås alikuwa jirani wa Sverre, ua mmoja tu wa miti kati yao. Mtu mrefu, kimya, maisha yake yote alitengeneza vinanda vya makanisani, na salamu yake ilikuwa kuinua kofia kwa kidole kimoja. Banda lake lilikuwa na miaka kumi na saba. Halijawahi kuonja rangi. Mbao zake zilikuwa zimegeuka kijivu cha fedha, na chini, pale ambapo la Sverre lilikuwa la kijani na linanuka uyoga, la Eivind lilikuwa kavu kama biskuti.

Lakini si hilo lililomkaba Sverre. Mwaka jana, msimu kama huu, mke wake Målfrid alibeba masanduku mawili ya mizizi ya maua yake ya dalia, ile ambayo lazima ipitishe majira ya baridi mahali pakavu, akayavusha upande wa pili wa ua, kwenye banda la Eivind. Alirudi akipangusa mikono. “Kwa Eivind ni pakavu,” alisema, kwa sauti ileile ya kusema mkate umekwisha. Tangu siku hiyo maneno hayo manne yalikuwa yamekaa kifuani mwa Sverre kama mfupa wa samaki. Wiki hii masanduku yalikuwa yamevuka tena. Hakuwahi kumwambia mtu. Kijiweni alizungumzia mbao.

— Sema tu, alisema Sverre. Kwa Eivind. Kwani ni siri? Mvua moja, kilima kimoja, mbao za duka lilelile.

— Mbao nilimuuzia mimi, alisema Pimamaji. Za kwake na zako zilitoka kwenye rundo moja.

— Haya! Sasa nieleze.

Pimamaji alitoa pimamaji yake, akaiweka juu ya goti, akaitazama kama daktari anayesoma kipimo.

— Mimi nasema ni mwelekeo. Banda lako linatazama bahari. Mvua ikija inalikuta uso kwa uso. La kwake limegeuza bega.

— Leo mvua inashuka wima, bwana. Bega litasaidia nini?

— Basi limeinama. Nimelitazama kwa mbali. Sentimita moja, kuelekea kusini. Maji yanateleza.

— Banda lililoinama unalisifu, na mimi mwaka ule wa kumwaga zege ulinikatalia nusu sentimita!

— Nyie wanaume mnapenda kuzunguka, aliingilia Redio. Ni mafuta. Mtu aliyeshinda makanisani na mbao za miaka mia tatu, atakosa kujua dawa ya mbao? Kuna mafuta wanapaka ndani ya yale mabomba ya vinanda. Yule binamu yangu wa Voss aliyekuwa anafagia kanisa aliniambia, harufu yake inakaa kwenye koti mwezi mzima.

— Eivind ananuka mafuta?

— Eivind ananuka sabuni. Ndipo penye ujanja. Mtu mkulima anayenuka sabuni kila siku anaficha nini?

Sverre alijikuta anatikisa kichwa kukubali. Alitaka sana iwe ni mafuta. Au wizi. Ingekuwa nafuu kubwa kugundua kwamba yule mtu ni mwizi.

— Mimi nawaambieni, alisema, yule amechimba. Usiku... hapana, si usiku, mchana kweupe, nikiwa hapa nanyi. Amepitisha bomba chini ya ua, maji yake yote yanakuja kwangu. Kwake pakavu kwa sababu kwangu pamelowa. Unyevu wangu ni wake!

— Hapo umepiga penyewe, alisema Redio, macho yakiwaka. Na nikwambie kingine. Mimi mvua kubwa ile ya Agosti nilipita pale. Banda limevaa sketi.

— Limevaa nini?

— Sketi! Turubai, kuzunguka chini yote. Mvua ilipokatika nikarudi, sketi haipo. Analivua.

— Unaona mambo wewe.

— Kama haya macho ni ya kuonea barua tu, basi sawa.

— Wala si turubai, alisema Pimamaji, ambaye hakupenda kupitwa. Nimefikiri sana. Lile si banda la mbao.

— Wewe si ndiye uliyemuuzia mbao?

— Nilimuuzia, ndiyo. Alizipeleka wapi? Nani alimwona akizipigilia? Lile ni plastiki. Siku hizi wanatengeneza plastiki yenye vifundo kabisa, hata mende anadanganyika.

Kwenye ncha ya benchi alikuwa ameketi Ylva, muuguzi wa watoto aliyepewa kipande namba tisa Ijumaa iliyopita. Siku ya kwanza tu Redio alimwita aje anywe kahawa, naye tangu hapo huja kila akitoka zamu ya usiku au kabla ya zamu ya mchana, na kikombe chake mwenyewe. Alikuwa amesikiliza yote haya bila kutafuna mkate wake wa mdalasini.

— Samahani, alisema. Mmeshawahi kwenda kuliangalia?

— Kuangalia nini, mwanangu?

— Hilo banda. Huko chini.

Walimtazama kama mtu aliyevua viatu kanisani.

— Mtu haendi tu kwenye banda la mtu, alisema Pimamaji.

— Bila sababu, aliongeza Redio.

— Kwani sababu si hiyo? Kuangalia.

Sverre aliweka kikombe chini. Alisema anaenda kufunga mlango, kwamba ameuacha wazi. Hakuna aliyemwamini, na hakuna aliyemzuia.

Hakupita kwenye lango la Eivind. Alipita nyuma, kwenye mtaro, mabuti yakifyonza matope, akainama chini ya tawi la mwisho la ua mpaka akatokea ukutani kwa banda lile. Kisha akapiga magoti. Mtu wa miaka sitini na nane, mvua ikimwingia kwenye kola, pua karibu iguse mbao za mwanaume mwingine.

Akachomoa ufunguo, akachokoa. Ufunguo ukagonga, ko! Ulikuwa ni ubao wa kweli, na mgumu.

Ndipo aliposikia Målfrid anacheka ndani.

Hakikuwa kicheko kikubwa. Kilikuwa kile cha puani, cha mtu aliyeambiwa jambo linalomfurahisha kweli, na Sverre alijaribu kukumbuka mara ya mwisho alipokisikia jikoni kwao, asikumbuke. Alibaki pale, amekamata ufunguo kama kisu, akijiuliza atagonga mlango aseme nini. Kwamba alikuwa anapita? Kwenye mtaro?

Mlango ukafunguliwa. Målfrid alitoa kichwa, mikononi ana gazeti na mzizi wa dalia umefungwa nusu.

— Sverre. Unafanya nini huko chini?

— Naangalia mbao.

— Mbao?

— Mbao.

— Au unaniangalia mimi?

Nyuma ya Målfrid alitokea Eivind, miwani juu ya paji la uso, naye hakushangaa wala kukasirika. Alimtazama Sverre alivyopiga magoti, akatazama ufunguo, na uso wake mrefu ukafunguka kama dirisha.

— Umekuja kwa ajili ya matone? aliuliza.

Kabla Sverre hajajibu, yule bwana alitoka bila koti, akapiga magoti kando yake kwenye kokoto, bega kwa bega, akaanza kuonyesha kwa kidole.

— Tazama. Tone likitoka kwenye paa linashuka kwa nguvu. Likikuta kitu kigumu, linaruka. Likikuta tope, linaruka na tope. Linafika hapa, karibu na goti. Hiyo ndiyo inayoua mbao, si mvua ya juu. Sasa hapa likikuta kokoto hizi kubwa, linavunjika, linazama. Sikia.

Sverre alisikiliza. Kweli, hapakuwa na ule mlio wa kuchapa aliouzoea. Palikuwa na mnong'ono tu.

— Nimeweka gata ukingoni mwa paa, inachukua maji mengi. Banda nimelipandisha juu ya mawe, hewa ipite chini. Na huu ubao wa mwisho kabisa, unaona umelala kwa ubavu? Huu nimeutoa sadaka. Ndio unaokula marasharasha. Miaka sita, saba, nauchomoa, napigilia mwingine. Banda lenyewe halina habari.

— Basi?

— Basi.

— Hakuna mafuta?

— Mafuta ya nini?

Sverre alijisikia uso unawaka kwenye mvua. Miezi kumi na miwili ya kukereka, na jibu lote lilikuwa kokoto na ubao mmoja.

— Kumbe unajua yote haya, alisema, na sauti ikatoka kali kuliko alivyokusudia. Miaka mitatu iliyopita ulituona tunamwaga zege kuzunguka banda langu. Ukanyamaza. Ukaacha nijitengenezee ngoma ya kupigia mvua!

Eivind alishusha miwani, akaifuta kwa shati lililolowa, ikazidi kuwa na ukungu.

— Nilikuja, alisema. Nilijaza toroli kokoto, nikaja nalo mpaka uani. Mlikuwa wanne au watano. Borghild alikuwa anasimulia kitu, wewe ulicheka mpaka ukakalia ndoo. Nikasimama na toroli langu. Nikaona nikiingia, kicheko kitakatika. Nikarudi.

— Ungesema tu.

— Ningesema. Lakini nilikuonea wivu, Sverre. Watu walikuja na koleo zao bila kuitwa. Mimi hili nimelijenga peke yangu, kila msumari. Ni zuri, lakini hakuna aliyewahi kukalia ndoo hapa akacheka.

Sverre hakujua aweke wapi macho. Alikuwa amejiandaa kwa mwizi, kwa mlaghai, hata kwa mpenzi wa mkewe, Mungu amsamehe. Kwa mtu anayemwonea yeye wivu hakuwa amejiandaa kabisa.

— Na wewe? Sverre alimuuliza Målfrid, taratibu. Unacheka nini humu?

Målfrid alimaliza kufunga mzizi wake kwanza.

— Ameniuliza kila dalia inaitwaje. Hii nyekundu nimemwambia nimeipa jina la shangazi yako Gjertrud kwa sababu haisimami bila fimbo. Kwako, Sverre, miaka yote ni “maua yako yale.” Unatoka nyumbani saa nne na nusu kwenda kijiweni, unarudi kula, unalala. Ndiyo, kwa Eivind ni pakavu. Lakini pia kuna mtu.

Alisema bila kukasirika, na ndiyo maana iliuma.

— Ningeuliza, alisema Sverre.

— Hujauliza.

— Ile ya njano inaitwaje?

— Usiniulize umepiga magoti, utanichekesha. Inuka, utapata homa.

Eivind alimshika mkono wakainuka pamoja, magoti manne yakilalamika. Sverre alitaka kusema asante, akasema “haya,” akaondoka kwa kupitia langoni.

Kijiweni walikuwa wanamngoja kwa hamu hata kahawa imepoa.

— Umefunga mlango? aliuliza Redio.

— Ni mbao, alisema Sverre akiketi, maji yakimchuruzika. Si plastiki. Hakuna mafuta, hakuna bomba, hakuna sketi. Ni kokoto, gata, na ubao mmoja wa kubadilisha. Matone yanaruka, Pimamaji. Yanagonga zege letu yanaruka mpaka kwenye mbao. Tumeozesha banda wenyewe.

— Zege langu? Pimamaji alisimama. Zege langu liko sawasawa kama meza!

— Ndiyo. Kama meza. Mwaga maji mezani uone yanavyokurukia.

— Mimi ndiye niliyelipima, siku nzima, kona zote nne...

— Najua. Kosa si lako peke yako. Mimi ndiye niliyetaka liwe linang'aa, ili yule wa ng'ambo ya ua alione.

Hilo lilimtoka bila kupanga. Redio alimmiminia kahawa iliyopoa bila kumtazama.

— Mimi bado nasema yule ana mafuta, alisema baadaye, kwa udhaifu. Amekuonyesha kokoto ili usiyaulizie mafuta.

— Na kokoto zinategemea, alidakia Pimamaji akiketi tena. Za mtoni au za kuponda? Kama ni za kuponda, pembe zake zinarusha tone kwa mshazari, linamfikia jirani. Kwa hiyo Breki hakukosea sana! Anakurushia kwa hesabu.

— Anajua hesabu huyo. Vinanda ni hesabu tupu.

Wakapata moto. Walishafika kwenye pembe za kokoto na upepo wa Novemba, Redio akamkumbuka binamu wa Voss tena, ndipo Ylva alipoinua mkono kidogo, kama yuko darasani.

— Samahani. Huyo bwana Eivind, mbona yeye hakai hapa?

— Hapa wapi?

— Hapa kwenye benchi. Mimi nina siku tano bustanini na mmeshanipa kahawa mara nne. Yeye ana miaka kumi na saba.

Pimamaji aliikagua pimamaji yake.

— Hapendi watu, alisema Redio.

— Alisema hivyo?

— Hakusema. Lakini...

— Alikataa kahawa?

Redio aliitazama ile chupa ya kahawa kwenye mapaja yake, akaigeuza upande huu na ule, kama iliyoandikwa jibu mahali fulani. Mwanamke aliyejua nani Lihaug anaandikiana na nani tangu barua zilipokuwa na stempu za kulamba, hakukumbuka siku hata moja aliyomwita yule mtu. Wala Pimamaji. Mvua iliendelea juu ya bati.

Sverre alisimama. Alikwenda hadi pale kijia kinapopinda, ambapo mtu anaweza kuona paa la kijivu, akaweka viganja mdomoni.

— Eivind!

Sauti ikajibu kutoka mbali:

— Kuna nini?

Hapo ndipo alipogundua kwamba hakuwa na sababu yoyote ya kutaja, wala mbao wala matone.

— Njoo na kikombe! Na umwambie Målfrid aje!

Walikuja chini ya mwavuli mmoja. Sverre aliuona ule mwavuli mmoja. Asingekuwa yeye kama asingeuona. Målfrid aliketi upande wake, akamsukuma kwa nyonga apate nafasi, na Pimamaji akasogea kwa manung'uniko ya mtu anayetoa shamba la urithi. Eivind alibaki amesimama na kikombe chake kwa mikono miwili mpaka Redio alipomvuta kwa kiuno cha suruali. Kahawa iliyobaki ilimtosha yeye tu.

Redio hakungoja hata anywe.

— Hebu tuambie ukweli, mshikaji wangu. Unapaka mafuta gani?

Eivind alifikiri. Alifikiri sana, kama mtu anayesikiliza iwapo sauti ya kinanda imekaa sawa.

— Ya mchungaji, alisema mwishowe, na uso wake haukubadilika hata kidogo. Lakini ni shida kumkamua.

Redio alicheka mpaka akashika nguzo. Pimamaji alicheka mpaka pimamaji ikaanguka matopeni. Målfrid alicheka, kile cha puani. Sverre alikuwa amekaa kwenye benchi lile miaka ishirini na miwili na stori zake zote za vituo vya basi, na hakuna hata moja iliyowahi kumfanya Redio ashike nguzo. Akahisi ule wivu unamrudia, mpya kabisa, bado una joto. Akamtazama yule bwana, akaona goti lake refu limetokeza nje ya paa na linalowa. Akajibana kwa mkewe, akasogea upana wa kiganja kimoja kumpisha.